“Kwamba” na “that”: namna ya kufikisha maneno ya mtu kwa Kiingereza



Wapo wazazi wanaotuuliza kwa nini jarida la madrasa litenge kurasa kwa ajili ya Kiingereza. Jibu letu ni fupi. Vijana tunaowasomesha hapa jioni ndio hao hao wanaokaa asubuhi katika madawati ya skuli, na huko sekondari biolojia, jiografia na hesabati wanaulizwa kwa Kiingereza. Anayeijua biolojia lakini hawezi kuandika sentensi iliyonyooka hupoteza alama za mambo anayoyajua. Isitoshe, katika nyumba nyingi kijana ndiye msomaji wa barua za hospitali, za benki na za skuli, na bibi na babu hutegemea ulimi wake. Akikosea yeye, nyumba nzima imekosea.

Safari hii tumechagua jambo moja dogo, nalo ni neno “that” linapokuja baada ya vitenzi vya kusema, kama “He said that…”, “She told me that…” na “They deny that…”. Tumelichagua kwa sababu tunaposahihisha mazoezi ya Jumamosi, hapo ndipo kalamu nyekundu inapofanya kazi zaidi. Na aghalabu anayekosea ni yule anayekijua Kiswahili vizuri, akadhani Kiingereza nacho kinakwenda vivyo hivyo.

Tuanze na neno letu wenyewe. Tunalitumia “kwamba” kila siku bila ya kujiuliza limetoka wapi. Zamani palikuwa na kitenzi “kuamba”, maana yake kusema. Leo hakitumiki peke yake katika mazungumzo ya kawaida, ila ukoo wake upo. “Ambia” ni “amba” iliyotiwa kiambishi cha kumlenga mtu, “ambaye” na “ambacho” ni ndugu zake, na “kwamba” ni “kuamba” yenyewe. Kwa hiyo mtu akisema “aliniambia kwamba”, kwa asili ya maneno amesema “kusema” mara mbili. Waingereza walipita njia nyingine. “That” ya kuunganisha ilitokana na ile ile inayomaanisha “ile” au “hiyo”, mfano wa mtu anayenyoosha kidole: alisema hiyo, yaani mvua itanyesha. Ama wale wanaosoma nahau ya Kiarabu wanakumbuka kuwa baada ya “qaala” hamza hutiwa kasra ikawa “inna”, lakini baada ya “dhakara” au “akhbara” huwa ni “anna”. Maneno yanayofuata “qaala” huhesabiwa kuwa ni maneno ya msemaji mwenyewe, yamesimuliwa kama yalivyo. Basi hata Kiarabu hakikubali kila kitenzi kifuatwe na neno lile lile kwa namna ile ile. Kitenzi kilichotangulia ndicho chenye amri.

“Kwamba” yetu ni karimu mno. Inafuata karibu kila kitenzi cha kusema, cha kufikiri na cha kutaka. Tunasema “alizungumza kwamba”, “aliuliza kwamba”, “alikataa kwamba”, na hakuna anayeshangaa. “That” ya Kiingereza haina ukarimu huo. Ina vitenzi inaowakubali kama jirani na vingine haikai navyo nyumba moja, na hakuna njia ya kujua ila kujifunza kitenzi pamoja na jirani zake. Mwanafunzi anayeandika kitenzi kipya katika daftari lake la msamiati na asiandike kinafuatwa na nini, amejifunza nusu yake tu.

Vitenzi viwili vinavyosumbua kuliko vyote ni “say” na “tell”. Hapa Kiswahili kinatusaidia, ajabu ni kwamba wengi hawautumii msaada huo. Tazameni “aliniambia”. Ndani yake mna “ni”, yaani mimi niliyeambiwa. Huwezi kusema “aliambia kwamba amechoka” ukanyamaza, kila mtu atakuuliza alimwambia nani. “Tell” nayo iko hivyo hivyo. Ni lazima mtu atajwe: “He told me that he was tired.” “Sema”, kwa upande mwingine, haibebi mtu ndani yake, na “say” nayo haimbebi: “He said that he was tired.” Basi pale ambapo Kiswahili chako kina “ambia”, andika “tell”, na pale penye “sema” andika “say”. Ukishika hili, hutaandika tena “He said me that” wala “He told that”.

Lakini msaada huo una mwisho wake. Kiswahili huweza kumwingiza mtu ndani ya vitenzi vingi sana: alinieleza, alinitajia, alinidokezea, alinilalamikia. Mwanafunzi akiona “alinieleza kwamba” huandika “He explained me that”, nayo si sahihi. Vitenzi hivi kwa Kiingereza vinataka “to” kabla ya mtu: “He explained to me that the office was closed.” Vivyo hivyo “mention”, “complain”, “admit”, “announce” na “suggest”. Upande wa “tell”, vinavyomchukua mtu moja kwa moja, wamo “inform”, “remind”, “assure” na “convince”: “She reminded us that the exam was on Thursday.” “Promise” na “warn” viko katikati, ukimtaja mtu sawa, usipomtaja sawa.

Sasa vile visivyoitaka “that” kabisa. “Talk”, “speak” na “discuss” havifuatwi nayo. Usiandike “The imam talked that people should keep the street clean.” Andika “said”. “Want” haiitaki vilevile, ingawa Kiswahili husema “nataka unisaidie” na mwanafunzi husikia “that” kwa mbali. Kiingereza sanifu ni “I want you to help me.” Na “ask” ikiwa ni ya kuuliza swali haifuatwi na “that”. Huku kwetu husikika kila siku: “He asked me that where am I going.” Ni “aliniuliza kwamba ninaenda wapi” iliyovikwa nguo za Kiingereza. Ondoa “that”, kisha rudisha maneno katika mpangilio wa sentensi ya kawaida, si wa swali: “He asked me where I was going.” Kama swali halina neno la kuulizia, tumia “if” au “whether”, ambazo ndizo “kama” yetu: “She asked me if I had eaten.”

Hapo kwenye “kama” pana mtego mdogo. Tunasema “sijui kama atakuja” na “sidhani kama atakuja”. Ya kwanza ni “I don’t know if he will come”, sawasawa. Lakini ya pili ni “I don’t think that he will come”, na “if” haiingii hapo, maana mtu hana swali, ana dhana. Lililo zuri ni kuwa Kiingereza, kama Kiswahili, hupenda kukanusha dhana badala ya kukanusha kuja. “I think that he will not come” si kosa, ila masikioni mwa Mwingereza ni ngumu kidogo.

Tufike kwenye wakati wa kitenzi, na hapa tunaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwani ndipo penye uzito.

Kiswahili huyaacha maneno ya mtu katika wakati wake. Ali alisema jana, “Ninaumwa.” Leo sisi tunasimulia: “Ali alisema kwamba anaumwa.” Kusema ni jana, lakini “anaumwa” imebaki na “na” yake, kwa sababu kwa wakati ule wa kusema alikuwa katika hali ya kuumwa. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kikianza na “said”, ambayo ni ya wakati uliopita, huivuta na sentensi inayofuata irudi nyuma hatua moja: “Ali said that he was ill.” “Amefika” inakuwa “had arrived”, “atalipa” inakuwa “would pay”, “anaweza” inakuwa “could”. Na kama alisema mwenyewe, “Niliumwa,” basi hatua nyingine tena: “He said that he had been ill.”

Kuandika kwa Kiingereza “Ali said that he is sick” ni kosa dogo, na mara nyingine si kosa, kama tutakavyoona. Hatari kubwa iko upande wa pili, pale mtu anaposoma Kiingereza na kukileta kwa Kiswahili. Tuchukulie bibi ameletewa barua ya hospitali kuhusu mjukuu wake, na ndani yake imeandikwa: “The doctor said that the child was anaemic and needed treatment.” Kijana anasoma na kufasiri neno kwa neno: “Daktari alisema kwamba mtoto alikuwa na upungufu wa damu na alihitaji matibabu.” Bibi anasikia nini? Anasikia “alikuwa”. Kwa Kiswahili chake hayo yamekwisha. Anashukuru, anaikunja barua na kuiweka chini ya godoro. Kumbe daktari alikuwa akieleza hali iliyopo, na tafsiri yake ilikuwa: “Daktari alisema kwamba mtoto ana upungufu wa damu na anahitaji matibabu.” “Was” ile haikuwa ya mtoto. Ilivutwa na “said”.

Jambo hili hutokea hata katika habari zinazofasiriwa kwa haraka. Msomaji husoma kwamba waziri alisema serikali “ilikuwa inajenga” barabara fulani, akadhani ujenzi umesimama, na pengine akaanza kulaumu. Mwenye kufasiri alipaswa kuandika “inajenga”. Kanuni yetu darasani ni hii: ukikuta “said that” na baada yake kitenzi cha wakati uliopita, jiulize msemaji mwenyewe alitamka nini kwa mdomo wake siku ile. Yarudishe maneno mdomoni mwake, ndipo uyafasiri.

Kuna pahala ambapo Kiingereza chenyewe hakilazimishi kurudi nyuma. Jambo likiwa ni la kudumu, au bado ni kweli hadi leo, wakati uliopo unaruhusiwa: “The teacher said that Mombasa is an island.” Mombasa bado ni kisiwa. Na kitenzi cha kusema kikiwa chenyewe kiko katika wakati uliopo, hakuna kinachovutwa: “Ali says that he is ill.” Magazeti ya Kiingereza hupenda “says” katika vichwa vya habari. Hata hivyo, katika mtihani unaoamrisha ugeuze usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, rudisha nyuma bila ya kusita, kwa kuwa hilo ndilo linalopimwa. Maneno ya wakati na mahali nayo hubadilika, ila hayo hayatushindi, maana hata sisi “kesho” huifanya “kesho yake” na “hapa” tukasema “pale”. “Tomorrow” inakuwa “the next day” na “here” inakuwa “there”.

Jambo moja zaidi kuhusu nafsi. “Juma alimwambia Asha kwamba amefaulu.” Nani amefaulu? Kiswahili kimenyamaza, “a” ni ya wote wawili. Kiingereza kitakulazimisha uchague “he” au “she”, na ukiwa huna hakika, rudi kwa aliyekupa habari umuulize kabla ya kuandika.

Tuje sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu lina hatari kuliko yote, nalo ni “deny”.

Kiswahili hukanusha mara mbili na maana ikabaki moja. Tunasema “alikana kwamba hakuiba” au “alikataa kwamba hakuiba”, na kila msikilizaji anafahamu kuwa mtu huyu anasema hakuiba. Ile “ha” ya pili ni mwangwi tu wa ile kana. Kiingereza hakina mwangwi huo. “Deny” tayari ina “hapana” ndani yake, na ukiongeza “not” unaigeuza. “He denied that he had stolen the money” ndiyo “alikana kwamba aliiba”. Ama “He denied that he had not stolen the money” maana yake ni kwamba alipinga kuwa hakuiba, yaani ni kama aliyesema ameiba.

Tuna kijana mmoja wa kidato cha pili aliyetuhumiwa skulini kuwa amechukua saa ya mwenziwe. Akaambiwa aandike maelezo kwa Kiingereza. Akaandika kwa mkono mzuri kabisa: “I deny that I did not take the watch.” Mwalimu aliyeipokea karatasi aliisoma kama ilivyoandikwa, na kijana akatakiwa aseme saa iko wapi. Alistaajabu, kwa sababu yeye alijua ameandika kwamba hakuchukua. Saa ilipatikana baadaye nyuma ya kabati la darasa, na karatasi ile ikaletwa hapa madrasani. Tuliisoma mara tatu. Kwa Kiswahili alikuwa na haki, kwa Kiingereza alikuwa amekiri.

Na wengine huandika “I refuse that I did not take it”, kwa kuwa “kataa” yetu inabeba mambo mawili. Kataa ya kutokubali kufanya jambo ni “refuse”, nayo haifuatwi na “that”: “He refused to come.” Kataa ya kukana habari ni “deny”. Mtu akiwa na haraka na hakumbuki lipi ni lipi, basi aandike sentensi nyepesi isiyo na mtego, “I said that I did not take it”, na hapo hakuna wa kumgeuzia maneno.

Ndugu yake “deny” ni “doubt”. Huku kwetu mtu husema “I doubt that they are late” akikusudia “nina wasiwasi kwamba wamechelewa”. Mwingereza atafahamu kinyume, kuwa huamini kama wamechelewa. Kwa wasiwasi wa aina hiyo tumia “I am afraid that they are late”, au “I suspect that they are late” ikiwa ni dhana.

Huko skulini wanafunzi huambiwa wasirudierudie “said”, watafute vitenzi vingine. Ushauri ni mzuri, lakini matunda yake tunayaona katika insha. Kijana mmoja ameandika “The headmaster admitted that the exams would begin on Monday”, kana kwamba mitihani ni dhambi aliyoificha. Mwengine ameandika “My father claimed that he was a farmer”, kana kwamba mtoto mwenyewe hamwamini baba yake. Vitenzi hivi si mapambo. Kila kimoja kinabeba hukumu ya anayesimulia juu ya habari anayoisimulia. “Say” na “state” havielemei upande wowote. “Claim” na “allege” vinamwambia msomaji: huyu amedai, mimi sithibitishi. “Admit” na “confess” vinasema kwamba jambo ni kweli, na lina lawama ndani yake. “Point out” na “reveal” vinakubali kuwa lililosemwa ni kweli. “Boast” inamcheka msemaji. Sisi tuna “dai”, “kiri”, “bainisha”, “fichua” na “jigamba”, na tunajua vizuri kwamba kumwandika mtu “alikiri” pale ambapo “alisema” tu ni kumdhulumu.

Wanafunzi wa darasa la juu wanaosoma elimu ya hadithi hawatalishangaa jambo hili. Wanazuoni wa fani hiyo walitenganisha zamani sana baina ya kusema “qaala”, amesema, kwa kukata, na kusema “ruwiya” au “yudhkaru”, imepokewa au yatajwa, kwa kitenzi cha kutendwa ambacho hakimbebeshi msimulizi dhamana ya kuthibitisha. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, aliwalaumu waandishi walioipa hadithi dhaifu kitenzi cha kukata. Kiingereza kina mlango huo huo wa kutendwa: “It is said that…”, “It is reported that…”, “It is alleged that…”. Hizi ndizo “yasemekana”, “imeripotiwa” na “inadaiwa”. Sisi pia tuna “eti”, neno fupi kabisa la kutilia shaka, na Kiingereza hakina lililo sawa nalo. “Eti anaumwa” itakubidi useme “He claims that he is ill” au utafute njia nyingine.

Kuna kundi dogo ambalo Kiswahili kinalieleza kuliko vitabu vingi vya sarufi. Vitenzi vya kupendekeza na kushikilia, kama “suggest”, “recommend”, “propose”, “demand” na “insist”, huweza kufuatwa na “that” kisha kitenzi kikiwa kitupu, bila ya “s” na bila ya kubadilishwa wakati: “Father suggested that Amina go to Tanga.” Wanafunzi huuliza “goes” imekwenda wapi. Jibu liko mdomoni mwao: “Baba alipendekeza kwamba Amina aende Tanga.” Pale ambapo kitenzi cha Kiswahili kinamalizika kwa “e” ya kutaka jambo lifanyike, Kiingereza baada ya vitenzi hivi hukiacha kitupu, au hutia “should” kabla yake. Linganisheni na “insist”, yenye sura mbili. “Alisisitiza kwamba Amina yupo nyumbani” ni habari: “He insisted that Amina was at home.” “Alisisitiza kwamba Amina awepo nyumbani” ni amri: “He insisted that Amina be at home.”

Je, “that” inaweza kuachwa? Ndiyo, baada ya vitenzi vya kila siku kama “say”, “think”, “know” na “tell”: “He said he was tired.” Baada ya vizito kama “explain”, “reply” na “announce” ni bora ibaki. Na koma haiwekwi kabla yake. Koma ni ya usemi halisi wenye alama za kunukuu. Lakini kuna wakati kuiacha “that” ni kuuza haki ya mtu. “He said on Monday he would pay.” Alisema siku ya Jumatatu, au atalipa siku ya Jumatatu? Mwenye deni atachagua maana yake na mwenye kudai atachagua yake. “He said on Monday that he would pay” ni moja, na “He said that he would pay on Monday” ni nyingine. Kiswahili kina tatizo hilo hilo katika “alisema Jumatatu atalipa”, na dawa ni hiyo hiyo, kuiweka “kwamba” mahali pake.

Zoezi. Andikeni sentensi hizi kwa Kiingereza na mzilete darasani Jumamosi, na wazazi wanaweza kujaribu pamoja na watoto. Fatma alinieleza kwamba hajala. Mzee alikataa kwamba hakuuza shamba. Aliniuliza kwamba nitarudi lini. Sidhani kama daktari atakuja leo. Mwalimu alisisitiza kwamba Salim akae mbele.

Hii ya mwisho iwekeni kwa Kiswahili: “The captain said that the boat was leaking.” Kabla hamjaandika “kilikuwa kinavuja”, wafikirieni abiria waliosimama gatini na mizigo yao, wakingojea kusikia mtakachosema.